Waasisi wa Chini ya Hoteli: Taarikhi ya Mkutano wa Wapenzi wa Hadithi za Picha

Taasisi nyingi kubwa za dunia, ukizifuatilia asili zake, utazikuta zimetokana na amri ya mtawala, au na wasia wa tajiri aliyependa jina lake lisalie baada yake, au na sheria iliyopitishwa na watu wazima waliokaa vitini wakashauriana. Lakini mkutano wa wapenzi wa hadithi za picha wa San Diego, katika jimbo la California nchini Marekani, ambao siku hizi hukusanya watu zaidi ya 130,000 na ambao jina lake la Comic-Con linajulikana hata kwa watu wasiopata kufungua kitabu cha katuni maishani mwao, haukuzaliwa kwa njia yoyote katika hizo. Uliasisiwa na watoto wa shule, mmoja wao akiwa na miaka 12 tu, wakisaidiwa na watu wazima wachache wasio na mali wala cheo, na vikao vyake vya awali vilifanyika chini ya hoteli, katika vyumba vilivyo chini ya usawa wa barabara. Mwaka 2020, ulipotimiza umri wa miaka 50, maradhi ya korona yaliufungia milango kwa mara ya kwanza tangu uanze, na wapenzi wake wakalazimika kuuadhimisha kwa mtandao, kila mmoja akiwa nyumbani kwake. Nimeona si insafu taarikhi ya siku hizo za mwanzo iwe ya wasomaji wa Kiingereza peke yao, ilhali sisi huku nasi tuna fungu letu katika jambo lenyewe, kama nitakavyobainisha.

Ninaandika haya Kakoba, mtaa wa Mbarara ambao mkimbizi aliyetoka Nakivale kuja kutafuta riziki mjini huishi humo ukuta kwa ukuta na mwenyeji Mnyankole, na ambamo Kiswahili, ingawa si lugha ya mama kwa wengi wao, ndicho kinachowakutanisha dukani, gereji na msikitini. Makazi ya Nakivale, yaliyo katika wilaya ya Isingiro kando ya ziwa lenye jina hilohilo, yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya watu waliokimbia Rwanda. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Wahabeshi na wengineo, na Wakongo, ambao leo ndio wengi kuliko wote, walikuja na mapenzi makubwa ya bedé, yaani hadithi za picha, kwa kuwa nchini mwao hadithi hizo zimechorwa na kusomwa tangu zama za Mbelgiji. Apitaye jioni katika vichochoro vya Kakoba hatakosa kumwona kijana aliyeinamia daftari la hesabu, kalamu ya bluu mkononi, akinakili mraba kwa mraba picha ya shujaa aliyoikuta katika simu ya nduguye: kwanza kichwa, kisha mabega yaliyopanuka kupita kiasi cha mwanadamu, kisha ngumi iliyotangulia mbele, kubwa kuliko kichwa chenyewe, kana kwamba inataka kuichana karatasi na kutoka. Ngumi hiyo ina mwenyewe. Mtu aliyewafundisha wachoraji wa dunia kuichora namna hiyo ni Jack Kirby, na jina lake limefungamana na siku za mwanzo za San Diego kiasi kwamba haiwezekani kuzisimulia bila ya kumtaja.

Kabla ya mkutano palikuwa na barua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Julius Schwartz, mhariri wa vitabu vya katuni katika kampuni ya DC ya New York, alianza kuchapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao kamili, yaani jina, namba ya nyumba, mtaa na mji, na kwa tendo hilo, ambalo mhasibu wa kampuni asingeliona kuwa na faida yoyote, aliwafungulia watoto waliotawanyika katika nchi kubwa mlango wa kujuana. Mpenzi wa katuni wa siku zile alikuwa mpweke. Wazazi wake waliviona vitabu hivyo kuwa upuuzi, walimu wake walimnyang'anya, na katika mtaa wake mzima pengine hapakuwa na wa pili wake. Sasa alifungua ukurasa wa nyuma akamkuta mwenziwe, akachukua kalamu akamwandikia.

Katika waliojuana kwa njia ya barua walikuwamo Jerry Bails, mwalimu wa chuo kikuu mjini Detroit, na Roy Thomas, kijana wa jimbo la Missouri, ambao mwaka 1961 walitoa jarida lao wenyewe waliloliita Alter Ego, si kwa mtambo wa matbaa bali kwa mashine ndogo ya kurudufia yenye wino wa zambarau. Walimu wetu waliochapa mitihani kabla ya kuja kwa kompyuta wataifahamu kazi hiyo bila ya kuelezwa: unapiga taipu juu ya karatasi maalumu, unachora kwa mkono pale panapotakiwa picha, unaifunga karatasi kwenye gurudumu, kisha unazungusha mkono wa mashine, na kila mzunguko hutoa nakala moja yenye unyevu na harufu ya spiriti, na kila nakala hufifia kidogo kuliko iliyotangulia hata wino uishe. Majarida ya namna hiyo yaliongezeka yakawa mengi, yakipelekwa kwa posta, na ndani yake ndimo lilimozaliwa wazo la kwamba watu waliozoeana kwa maandishi yafaa wakutane ana kwa ana.

Wazo lenyewe halikuwa geni kabisa, maana wapenzi wa hadithi za kubuni za sayansi walikwisha kulitenda mapema. Mnamo Julai 1939, mjini New York, ulifanyika mkutano wao wa kwanza wa dunia, waliohudhuria wakiwa kiasi cha 200. Na katika hao alikuwamo Ray Bradbury, kijana maskini wa miaka 18 aliyesafiri kwa basi kutoka Los Angeles kwa fedha alizokopeshwa na sahibu yake Forrest Ackerman. Alikuwamo Ackerman mwenyewe, amevaa vazi la watu wa zama zijazo alilotengenezewa na rafikiye Myrtle Douglas, na huo ndio mwanzo wa ada ya kuvaa mavazi ya mashujaa ambayo leo imeenea duniani kote. Na alikuwamo mtoto asiyetimiza miaka 14, jina lake Ken Krueger. Msomaji ayahifadhi majina hayo matatu, Bradbury, Ackerman na Krueger, kwa sababu yatatokea tena baada ya miaka 31, na kwa kutokea kwao tutaona kwamba mapenzi ya jambo, kama elimu ya chuoni, hupokewa kwa silsila, mkono kwa mkono, kutoka kwa aliyekuwapo kwenda kwa asiyekuwapo.

Mkutano wa kwanza uliokuwa wa vitabu vya katuni hasa ulifanyika New York tarehe 27 Julai 1964, kwa siku moja, nao uliandaliwa na kijana aitwaye Bernie Bubnis. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo mvulana wa miaka 15 kutoka jimbo jirani la New Jersey, George R. R. Martin, ambaye baadaye vitabu vyake vya riwaya viligeuzwa tamthilia za televisheni zilizotazamwa hata katika vibanda vyetu vya video. Mwaka huohuo vijana wawili wa Detroit nao waliwakusanya wenzao, na mwaka uliofuata Bails pamoja na mchoraji wa mji huo aliyeitwa Shel Dorf waliupanua mkusanyiko huo, wakachanganya katuni, filamu na hadithi za ajabu katika sherehe moja. Nisingemtaja Dorf kama si kwamba miaka ya 1960 ilipokuwa ukingoni aliihama Detroit, akaenda San Diego pamoja na wazazi wake waliokuwa wazee, akiwa amebeba maarifa ya kazi ile na hajui atayatumia wapi.

Alikuwa na umri wa miaka 36 hivi, hana mke wala mtoto, na katika mji huo mgeni watu wa kwanza waliomwelewa walikuwa watoto: Richard Alf, kijana aliyekuwa bado shuleni lakini tayari akiuza vitabu vikuukuu vya katuni kwa njia ya posta, Bob Sourk, Mike Towry, na Barry Alfonso, yule wa miaka 12. Baadhi ya waandishi hupenda kumtaja Dorf peke yake kuwa muasisi, na wengine, kwa kumpinga, hupenda kumwondoa. Mimi naona haki imo katikati. Yeye ndiye aliyejua jinsi mkutano unavyoandaliwa, na ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kuinua simu akazungumza na mtu mashuhuri kana kwamba anazungumza na jirani. Lakini fedha za kuanzia zilitoka mfukoni mwa Alf, na gari lililowabeba lilikuwa la Alf, na miguu iliyokwenda huku na huko kubandika matangazo ilikuwa ya watoto.

Simu mojawapo aliyoinua Dorf ilikuwa ya kumtafuta Jack Kirby, aliyekuwa anaishi kusini mwa California. Kirby alizaliwa New York mwaka 1917, mtoto wa wahamiaji Mayahudi waliotoka Austria, akakulia katika mtaa wa mafukara ambamo kila mtoto alijifunza kupigana kabla ya kujifunza kusoma. Pamoja na Joe Simon alimbuni Captain America, na pamoja na Stan Lee akabuni mashujaa wengi wa kampuni ya Marvel, akiwamo, mwaka 1966, Black Panther, mfalme wa nchi ya Afrika isiyopata kutawaliwa na mgeni. Mtu wa cheo hicho katika sanaa yake angeliweza kuwaambia watoto wa San Diego kwamba hana wasaa. Badala yake aliwakaribisha nyumbani kwake, yeye na mkewe Roz, wakawakalisha na kuwakirimu, akawaonyesha kazi iliyokuwa mezani, akawazungumzisha kama anavyozungumza fundi na wanagenzi wake. Watoto wale walirudi mjini kwao wakiwa na azma ambayo hakuna mzazi angeliweza kuizima.

Krueger, ambaye tulimwacha New York akiwa mtoto, sasa alikuwa mtu wa makamo mwenye duka la vitabu katika mtaa wa Ocean Beach mjini San Diego, na duka lake likawa baraza la vijana hao. Halmashauri ya watoto haiwezi kukosa mtu mzima, maana hoteli haiandikiani mkataba na mwanafunzi wa miaka 15. Krueger akakubali kuwa mwenyekiti. Jambo la kupendeza ni kwamba watu wazima hawa hawakuwafanya watoto kuwa watumishi wao. Walikaa nao halmashauri moja, wakasikilizana.

Walianza kwa kujaribu. Tarehe 21 Machi 1970 walifanya mkutano mdogo wa siku moja katika hoteli ya U.S. Grant, kwa madhumuni ya kupata fedha za mkutano mkubwa na kupima kama watu watakuja. Wakaja kiasi cha 100, na mgeni wao wa heshima alikuwa Ackerman, aliyekuja kuwatia nguvu kama alivyomtia nguvu Bradbury miaka 31 nyuma. Hoteli yenyewe ilijengwa mwaka 1910 na mwana wa Rais Grant kwa ukumbusho wa babaye, ikapata kuwa na adhama kubwa, lakini wakati huo fahari yake ilikuwa imepungua, na bila shaka ndiyo sababu wenye nayo walikuwa radhi kuwapangisha watoto vyumba vya chini. Wala hakuna aliyelalamika. Wauzaji walipanga masanduku ya vitabu juu ya meza, wachoraji wakaketi na karatasi zao, na watu waliokuwa wakijuana kwa anwani tu wakapeana mikono.

Mkutano wenyewe ulifuata tarehe 1 hadi 3 Agosti mwaka huohuo, katika hoteli hiyohiyo, na waliohudhuria walikuwa zaidi kidogo ya 300. Walikuja Kirby, na Ackerman, na mwandishi A. E. van Vogt, na Bradbury, ambaye kwa wakati huo alikuwa na umaarufu wa dunia nzima na ambaye mihadhara yake ililipiwa fedha nyingi. Alipojua kwamba waandaaji hawatafuti faida ya mfukoni, hakutaka ujira. Kuja kwake kulikuwa na sababu ya ndani zaidi. Bradbury alipokuwa na umri wa miaka 9 alikuwa akikata katika magazeti hadithi ya picha ya Buck Rogers na kuihifadhi, kila siku kipande chake, mpaka wenzake wa darasani wakamcheka, naye kwa aibu akavichana vipande vyote. Siku chache baadaye akalia, akaona kwamba waliomcheka hawakuwa rafiki zake, akaanza kukusanya upya. Mtu mwenye kumbukumbu ya namna hiyo moyoni, akiitwa na watoto walioamua kutoona aibu, hawezi kukaa nyumbani.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuhamahama. Mwaka 1971 mkutano ulifanyika katika chuo kikuu cha California kilichoko San Diego, wakaja kiasi cha 800. Jina nalo lilibadilishwa mara kadhaa, mpaka lilipotulia mwaka 1973 likawa San Diego Comic-Con. Katika mwaka huo wa 1971 Kirby alifanya jambo ambalo waasisi walilieleza kwa fahari hata uzeeni: aliwatia baadhi ya vijana wale katika kitabu alichokuwa akikichora, hadithi ya Jimmy Olsen rafiki wa Superman, kwa sura ya kundi la wahuni wapiga muziki lililobeba jina la San Diego. Mtu aliyeanza kwa kusoma katuni akiwa amejificha chini ya shuka alijikuta amekuwa katuni.

Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1970 makao ya mkutano yalikuwa hoteli ya El Cortez, jengo lililosimama juu ya kilima na lililokuwa na lifti ya kioo ikipanda nje ya ukuta, na wazee wa mkutano huu ukiwauliza ni lini walikuwa na furaha kuliko wakati wowote watakutajia hoteli hiyo. Filamu zilionyeshwa usiku kucha, kiasi kwamba asiye na fedha ya chumba aliweza kusinzia kitini mpaka alfajiri. Palikuwa na bwawa la kuogelea, na kando yake waliketi wachoraji na wasomaji bila ya kutenganishwa na kamba, wala mlinzi, wala foleni. Kijana aliyetaka kujua jinsi kivuli kinavyotiwa chini ya kidevu alikwenda akamwonyesha mwenye ujuzi daftari lake, akaelekezwa hapohapo. Mwaka 1974 walioingia walikuwa zaidi ya 2,500, yakaanza mashindano ya mavazi, na ikaanzishwa tuzo iitwayo Inkpot, yaani kidau cha wino, ambayo katika mwaka wake wa kwanza walipewa Kirby, Bradbury, Ackerman, Milton Caniff na Charles Schulz. Mwaka uliofuata, miongoni mwa waliotunukiwa alikuwamo Barry Alfonso, ambaye hakuwa bado ametimiza miaka 20.

Hapo kwenye tuzo ndipo ninapoona thamani kubwa ya taasisi hii. Mchoraji wa katuni wa Marekani wa zamani alikuwa kibarua. Alilipwa kwa ukurasa, mara nyingi bila ya jina lake kuandikwa, na alichokibuni kikawa mali ya kampuni hata wajukuu wa wenye kampuni. Jerry Siegel na Joe Shuster, watoto wa wahamiaji, walimbuni Superman, mtoto aliyetolewa na wazazi wake katika sayari inayoangamia akalelewa na watu baki katika nchi ya ugenini, kisa ambacho mkazi wa Nakivale hahitaji kufafanuliwa. Na mwaka 1938 waliiuza haki yake kwa dola 130. Kampuni iliyoinunua ilichuma mamilioni, wao wakazeeka katika ufukara. Mwaka 1975 San Diego iliwatunuku wote wawili Inkpot, mbele ya kadamnasi ya watu waliojua vyema wao ni akina nani, na mwishoni mwa mwaka huohuo, kwa jitihada za wachoraji wenzao Neal Adams na Jerry Robinson, kampuni ikakubali kuwapa pensheni na kuyarudisha majina yao juu ya kazi yao. Sisemi kwamba tuzo ndiyo iliyoleta pensheni. Nasema kwamba haki ya msanii haidaiwi mpaka pawepo watu wanaolijua jina lake, na kulijua jina la msanii ndiyo kazi ya wapenzi wake kabla ya kuwa ya mahakama.

Yaliyofuata ni ya fahari nyingi, nami nitayapitia upesi. Mwaka 1991 mkutano ulihamia katika jumba kubwa la mikutano lililo ukingoni mwa bahari, mwaka 1995 ukachukua jina la Comic-Con International, kisha kampuni za filamu zikagundua kwamba hapo ndipo panapopatikana wasikilizaji wenye hamu, zikaja na nyota wao. Ukumbi uitwao Hall H hubeba watu 6,500, na wanaotaka kuingia hulala nje usiku kucha. Mchoraji anayeuza kitabu chake mwenyewe sasa hana budi kuipigania nafasi ya meza yake mbele ya vibanda vya makampuni, na katika jambo hilo nakubaliana na wazee wa El Cortez wanaosikitika. Hata hivyo taasisi imebaki kuwa ya kutogawana faida, na mwaka 2017 katika ukumbi huohuo ndimo zilimoonyeshwa sehemu za filamu ya Black Panther, iliyotoka mwaka 2018 na ambayo ndani yake walicheza Lupita Nyong'o wa Kenya, Daniel Kaluuya ambaye wazazi wake ni wa Uganda, na Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala. Kirby alikuwa amekwisha kufariki tangu mwaka 1994. Dorf na Krueger walifariki wote wawili Novemba 2009, na Alf akawafuata mwaka 2012.

Ama sisi, tusijidanganye kwamba tulikuwa wageni wa sanaa hii. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo mingi; Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru; Saidi Bawji na Nico ya Mbajo waliunganisha mianzo ya majina yao wakapata Sani, jarida ambalo ndani yake Philip Ndunguru aliwapa wasomaji Kipepe, Lodilofa na Ndumilakuwili; Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha Joe mjini Nairobi mwaka 1973; na Frank Odoi, Mghana aliyeifanya Nairobi kuwa kwao, alituchorea Akokhan. Na mmoja wa wakubwa katika zama hizo ni mtu wa pande zetu hizi za Ankole: James Tumusiime, ambaye katika miaka ya 1970, wananchi wengi wa Uganda walipokuwa wameihama nchi yao, alimbuni Bogi Benda katika Daily Nation la Nairobi, akawachekesha Wakenya kila siku, kisha akarudi, akaasisi Fountain Publishers mjini Kampala mwaka 1988, na hatimaye akajenga Igongo, kituo cha utamaduni chenye makumbusho ya Eriijukiro, pale Biharwe kwenye barabara ya Masaka, mwendo mfupi kwa teksi kutoka Kakoba.

Wala hatukukosa anwani. Majarida yetu ya Kiswahili yalijaa kurasa za marafiki wa kalamu, picha ndogo, jina, umri, S.L.P. na mji, na vijana wa Tabora wakaandikiana na vijana wa Mombasa pasipo kuonana maisha. Kilichopungua ni yule mtu wa kati, Dorf wetu au Krueger wetu, wa kuwaambia kwamba njooni siku fulani, mahali fulani, tumwite na mchoraji mwenyewe. Nauli ilikuwa ghali, mipaka ilikuwa migumu, na kwa miaka mingi watawala wa nchi zetu waliutilia shaka mkusanyiko wowote wa vijana ambao hawakuuitisha wao. Tumusiime aliwachekesha maelfu ya watu waliomsoma peke yao, kila mmoja kwenye kiti chake. Baadaye mambo yalianza kubadilika: Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, aliasisi mjini Kinshasa karakana ya ACRIA iliyowafunza wachoraji na kuwaandalia maonyesho ya hadithi za picha, na Nairobi siku hizi ina mkutano wake, NAICCON, ambao vijana huuendea wamevaa mavazi waliyoshona wenyewe.

Mbarara haina. Nasi tunao wachoraji Wakongo waliojifunza bedé tangu utotoni, wanafunzi wa Kinyankole wenye mikono miepesi, mafundi cherehani wa Kakoba wanaoweza kushona vazi la shujaa yeyote kwa kitambaa cha mtumba, na kumbi za shule zinazokaa tupu kila Jumamosi. Kwa hiyo nawaomba walimu wakuu wasione haya kuwafungulia vijana ukumbi kwa siku moja. Nawaomba wazazi wa Nakivale wawape watoto wao ruhusa na nauli ya kuja mjini. Na kila mwenye nakala kuukuu ya Sani, ya Joe, ya Bogi Benda iliyokatwa gazetini, au kitabu cha bedé alichovuka nacho mpaka, namsihi asikitoe kufungia karanga, bali akitie katika mfuko mkavu, aandike ndani yake jina la mchoraji, na siku watakapoitana vijana akilete mezani.